Lahaja za SQL na Swali la Ng'ombe: Pale Sentensi Moja Inapotoa Majibu Mawili

Mwanafunzi wa isimu anapofunzwa dhana ya lahaja, aghalabu mifano anayopewa ni Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kiunguja. Ni nadra sana kuambiwa kuwa dhana hiyo hiyo inaieleza vyema lugha nyingine isiyotamkwa kwa kinywa cha mtu yeyote, nayo ni SQL, lugha itumiwayo kuziuliza hifadhidata za kiuhusiano maswali. Benki huitumia, ofisi za usajili wa wanafunzi huitumia, maktaba huitumia katika katalogi zake, na watafiti wa Kiswahili nao wanazidi kuitumia wanapounda kamusi na makusanyo ya matini. Lugha hii ina usanifu uliopitishwa rasmi. Ina pia lahaja, na wazungumzaji wa kila lahaja hudhani kuwa wanachosema ndicho sanifu.

Makala haya yananuia kueleza tofauti za kisintaksia baina ya lahaja tano za SQL zitumikazo zaidi, yaani Oracle, SQL Server, MySQL, PostgreSQL na SQLite, kwa kutumia data ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu. Hoja inayosisitizwa ni kwamba tofauti za kuogopwa si zile ambazo tarakilishi huzikataa. Sentensi iliyokataliwa hurekebishwa mara moja. Za kuogopwa ni zile ambazo sentensi hupokelewa kila mahali bila ya lawama, kisha ikatoa jibu moja huku na jibu jingine kule. Mzungumzaji wa Kiswahili anakijua kisa hiki. Mgeni aliyezoea Kiswahili sanifu akiambiwa na Mmvita "ndoo hapa", huenda akaanza kutafuta chombo cha kutekea maji, ilhali mwenyeji anamwita tu aje karibu. Kila neno lilikuwa la Kiswahili na hakuna kosa la sarufi lililotendeka. Kilichopotea ni maana.

Chimbuko la lugha na la lahaja zake

Mwaka wa 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala yaliyopendekeza kuwa data ihifadhiwe katika majedwali, na kwamba mtumiaji aeleze anachotaka bila ya kuieleza mashine njia ya kukifikia. Kufuatia pendekezo hilo, wenzake wawili katika kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walibuni mwaka wa 1974 lugha waliyoiita SEQUEL. Jina hilo lilifupishwa baadaye likawa SQL kwa kuwa lilikwisha kusajiliwa na kampuni nyingine kama alama yake ya biashara. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi jingine lilikuwa na lugha yake pinzani, QUEL, ambayo wengi waliisifu kwa unadhifu wake.

Kinachostahili kuzingatiwa ni mpangilio wa matukio. Kampuni ambayo baadaye ilijiita Oracle ilianza kuuza mfumo wake wa SQL mwaka wa 1979. Taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, ilipitisha usanifu wa kwanza mwaka wa 1986, na shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaupitisha mwaka wa 1987. Kwa hivyo lahaja zilitangulia usanifu, kama ilivyokuwa kwa Kiswahili, ambacho kilikuwa na lahaja zake zenye fasihi iliyokomaa karne kadhaa kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua Kiunguja, na kabla ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930. Hata namna ya uteuzi inafanana, kwani usanifu wa SQL ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lahaja ya mwenye nguvu zaidi wakati huo, IBM.

Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa. Kamati ya Lugha ilikuwa na meno: kitabu cha shule kilihitaji ithibati yake. Usanifu wa SQL umepanuliwa mara nyingi, mathalani mwaka wa 1992, 1999, 2003, 2008, 2016 na 2023, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuukagua mfumo na kuuzuia kuuzwa. Taasisi ya serikali ya Marekani iitwayo NIST ilikuwa ikipima ulinganifu wa mifumo na usanifu huo, ikaiacha kazi hiyo mwaka wa 1996. Tangu hapo kila kampuni hujitangazia yenyewe jinsi inavyoufuata. PostgreSQL, iliyotokana na mradi wa Berkeley na kuhama kutoka lugha yake ya awali hadi SQL katikati ya miaka ya tisini, huuheshimu sana. MySQL, iliyozaliwa Uswidi mwaka wa 1995, ilijali zaidi kasi na wepesi. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka wa 2000, ni ndogo kiasi cha kukaa ndani ya simu ya mkononi, na ina hulka ya kusamehe takriban kila kitu. SQL Server ya Microsoft ilianza kama mwana wa mfumo wa Sybase, na hadi leo mifumo hiyo miwili huzungumza lahaja inayokaribiana.

Jedwali la maneno

Ichukuliwe kuwa mtafiti anakusanya nomino za Kiswahili katika jedwali liitwalo maneno. Jedwali hili lina safu nne: neno, yaani kidahizo katika umbo la umoja, wingi, yaani umbo la wingi la kidahizo hicho, ngeli, na asili, yaani lugha ambamo neno lilitoka. Kila mstari wa jedwali ni nomino moja. Anayetaka nomino zenye asili ya Kiarabu, zikiwa zimepangwa kialfabeti, huuliza hivi:

SELECT neno, wingi FROM maneno WHERE asili = 'Kiarabu' ORDER BY neno;

Mwanafunzi wa sintaksia atatambua muundo huu pasi na taabu. SELECT ni kitenzi katika hali ya kuamuru, chagua. Baada yake yanafuata yale yanayochaguliwa. FROM hutaja chanzo. WHERE huanzisha kishazi cha masharti. ORDER BY hueleza mpangilio. Mfuatano wa viambajengo hivi haubadiliki, na sentensi hii inaeleweka katika lahaja zote tano bila ya kuguswa hata nukta. Huu ndio ushahidi kwamba ni lugha moja. Tatizo huanza mtafiti anapoendelea kuuliza.

Tofauti zinazopiga kelele

Zipo tofauti ambazo hazihitaji kuchosha fikira. Anayetaka nomino kumi za mwanzo tu huandika LIMIT 10 mwishoni mwa sentensi akiwa katika MySQL, PostgreSQL au SQLite. Katika SQL Server huandika TOP 10 mara tu baada ya SELECT. Usanifu wa 2008 ulileta msemo mrefu, FETCH FIRST 10 ROWS ONLY, ambao PostgreSQL inauelewa, na Oracle iliukubali katika toleo lake la 12c mwaka wa 2013. Vivyo hivyo, kutoa kundi moja la mistari katika jingine kulikuwa MINUS kwa Oracle na EXCEPT kwa PostgreSQL na SQL Server, huku watumiaji wa MySQL wakisubiri hadi mwaka wa 2022 kupata EXCEPT yao. Tarehe na saa ya sasa huitwa GETDATE() kwa SQL Server, SYSDATE kwa Oracle na NOW() kwa MySQL na PostgreSQL. Huu ni msamiati tu, kama alivyo mtu asemaye ndia na mwingine asemaye njia. Ukikosea, mfumo hukuambia.

Hata katika kundi hili, hata hivyo, Oracle ina mtego mmoja wa zamani. Kabla ya toleo la 12c, mistari kumi ilipatikana kwa kutumia ROWNUM, na wengi bado huandika hivyo:

SELECT neno FROM maneno WHERE ROWNUM <= 10 ORDER BY neno;

Msomaji atadhani kuwa jibu ni nomino kumi za kwanza kialfabeti. La. Masharti ya WHERE hutekelezwa kabla ya upangaji, hivyo Oracle huokota nomino kumi zozote, kisha huzipanga hizo kumi. Jibu huja likiwa limepangika vizuri mno, na uzuri huo ndio unaolificha kosa.

Ritifaa

Swali rahisi kuliko yote linaloweza kuulizwa jedwali la nomino za Kiswahili ni kutafuta neno ng'ombe. Hapo ndipo lugha mbili zinapogongana ana kwa ana. Katika SQL, matini hufungwa kwa alama ya mtajo mmoja mwanzoni na mwishoni, na alama hiyo katika baobonye ndiyo ile ile ritifaa ya ng'. Anayeandika

SELECT neno FROM maneno WHERE neno = 'ng'ombe';

amesema, kwa masikio ya mashine, kwamba neno ni ng, kisha akaongeza kitu kisichoeleweka, ombe, na hatimaye akafungua mtajo mwingine asioufunga. Programu za kuandikia maulizo za MySQL na PostgreSQL hazilalamiki hapo. Hukaa kimya zikingoja mtajo ufungwe, na mwanafunzi hukaa kimya akingoja jibu. Jina Ng'ang'a, lenye ritifaa mbili, hupata hukumu tofauti: idadi ya mitajo ni shufwa, hivyo hakuna cha kungojwa, na sentensi hukataliwa papo hapo.

Usanifu una suluhu: ritifaa iliyo ndani ya matini huandikwa mara mbili, 'ng''ombe'. Lahaja zote tano zinaukubali utaratibu huo, na anayetaka kauli itakayoeleweka kokote hana budi kuuzoea. Lakini kila lahaja ina njia yake ya mkato, na njia hizo ndizo wanafunzi huzishika kwanza. MySQL huruhusu mkwaju wa kinyume, 'ng\'ombe'. PostgreSQL iliuacha mtindo huo kama kawaida yake tangu toleo la 9.1 la mwaka wa 2011, na sasa mkwaju huo kwake ni herufi kama herufi nyingine. Yenyewe hupenda $$ng'ombe$$, ilhali Oracle ina q'[ng'ombe]'.

Inafaa kuongeza hapa jambo lisilo la sintaksia lakini linalowaponza wengi. Programu za kuandikia matini huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’, bila ya kumuuliza mwandishi. Kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti. Data iliyonakiliwa kutoka katika tasnifu itakuwa na ng’ombe, mtafutaji atabonyeza ng'ombe, naye ataambiwa kuwa neno hilo halimo katika kamusi ya Kiswahili. Kabla ya kuuliza lolote, ritifaa zote za jedwali zifanywe za aina moja.

Matokeo ya kuyapuuza haya yanaonekana nje ya darasa. Mtayarishaji wa fomu ya usajili ambaye fomu yake huvunjika kila mara inapokutana na ritifaa huona wepesi kuipiga marufuku alama hiyo. Ng'ang'a akawa Nganga, Wang'ombe akawa Wangombe, na kidahizo ng'oa kikaingia katika orodha kama ngoa, ambalo ni neno jingine lenye maana ya wivu au tamaa. Fonimu nzima ya lugha hufutwa katika maandishi kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa kuandika ritifaa mara mbili.

Neno wingi na safu ya wingi

Njia ya mkato ipendwayo zaidi na watumiaji wa MySQL ni kufunga matini kwa mtajo maradufu, "ng'ombe", na hapo ritifaa haisumbui tena. Katika MySQL kama inavyosakinishwa kwa kawaida, hilo ni sahihi. Katika usanifu si sahihi hata kidogo. Usanifu unasema kuwa mtajo mmoja hufunga matini, na mtajo maradufu hufunga jina la safu au la jedwali. Kwa sababu hiyo PostgreSQL, ikipewa neno = "ng'ombe", hujibu kuwa haina safu iitwayo ng'ombe. Kosa limepiga kelele, nalo litarekebishwa.

Sasa achukuliwe mtafiti yule yule akitafuta kidahizo wingi, ambacho bila shaka ni nomino ya Kiswahili inayostahili kuwamo katika jedwali lake:

SELECT neno FROM maneno WHERE neno = "wingi";

Katika MySQL atapata jibu moja, yaani neno wingi. Katika PostgreSQL sentensi hiyo hiyo inapokelewa bila ya kosa lolote, kwa kuwa safu iitwayo wingi ipo kweli. Ila swali limebadilika. Sasa linauliza: ni nomino zipi ambazo umbo lake la umoja ni sawa na umbo lake la wingi? Majibu yatakuwa nyumba, meza, ndizi, kalamu, ng'ombe na wenzao wote wasiobadilika. Hilo ni swali zuri la kimofolojia, na huenda mtafiti akalifurahia siku nyingine, lakini siyo alilouliza. SQL Server hufuata mkondo wa PostgreSQL katika hali yake ya kawaida. Oracle itakataa iwapo jedwali liliundwa kwa kawaida yake, kwa sababu huyageuza majina yasiyo na mitajo kuwa herufi kubwa, na kwayo safu hiyo inaitwa WINGI, si wingi.

SQLite ndiyo yenye tabia ya ajabu zaidi. Ikiona mtajo maradufu, kwanza hutafuta safu yenye jina hilo. Isipoipata, humsamehe mtumiaji na kulichukulia kuwa matini. Basi "ng'ombe" atapatikana, "mti" utapatikana, "kitabu" kitapatikana, na mtafiti atakuwa na hakika kuwa mtindo wake ni sahihi. Atakapofika kwenye wingi, ngeli, asili na neno, yaani istilahi za isimu ambazo ndizo majina ya safu zake, majibu yataharibika kimyakimya. Msamaha wa namna hii ni ukatili. Waundaji wa SQLite wenyewe wameandika kuwa wanaujutia, lakini hawawezi kuuondoa bila ya kuziharibu programu nyingi zilizokwisha kuutegemea. Watunga kamusi wa Kiswahili wanaolazimika kudahilisha tahajia mbovu iliyokwisha kuenea wataelewa uchungu wao.

Utupu wa aina mbili

Tofauti inayofuata ni ya kisemantiki, na pengine ndiyo inayomgusa zaidi mwanaisimu. Zipo nomino zisizo na wingi, mathalani uzuri na usingizi. Zipo pia nomino ambazo mtafiti hajauthibitisha wingi wake bado, pengine kwa kuwa wasailiwa wake walihitilafiana. Hizi ni hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ujuzi kwamba kitu hakipo. Ya pili ni kutokuwa na ujuzi. SQL humpa mtafiti njia ya kuzitenganisha: ya kwanza anaweza kuiwakilisha kwa matini tupu, '', na ya pili kwa NULL, alama iliyotengwa kwa kisichojulikana.

Katika PostgreSQL, MySQL, SQL Server na SQLite upambanuzi huo hudumu. Oracle huufuta. Kwayo matini tupu na NULL ni kitu kimoja, na imekuwa hivyo tangu zamani, kinyume na usanifu. Mtafiti aliyekusanya data yake katika tarakilishi ya mapajani kwa SQLite, kisha akaihamishia kwenye seva ya Oracle, atakuta kuwa uzuri na nomino zake zote ambazo hazijathibitishwa zimetiwa kapu moja. Hakuna onyo litakalotolewa. Akiuliza WHERE wingi = '' ili azipate nomino zisizo na wingi, hatapata hata moja, kwa sababu hakuna kinacholingana na kisichojulikana, hata kisichojulikana chenyewe. Miezi kadhaa ya uamuzi wa kitaaluma, neno baada ya neno, itakuwa imefutika, na haiwezi kurejeshwa kutoka katika nakala hiyo.

Kinga ipo, nayo ni kutoutegemea utupu kubeba maana. Iongezwe safu nyingine, tuseme hali_ya_wingi, na ndani yake iandikwe kwa maneno: "hauna", "haijathibitishwa", "upo".

Utupu huleta pia mzozo wa mpangilio. ORDER BY wingi huweka NULL mwishoni katika PostgreSQL na Oracle, na mwanzoni katika MySQL, SQL Server na SQLite. Hata ng' inahusika katika upangaji. Upo mpangilio unaoihesabu ritifaa kama herufi inayotangulia a, na hapo ng'ombe hutangulia ngamia. Upo mwingine unaoipuuza, na ng'ombe akaja baada ya ngoma. Hili la pili halitokani na lahaja peke yake bali na kanuni za upangaji zilizochaguliwa wakati hifadhidata ilipoundwa, nazo hazitajwi popote katika sentensi.

Viambishi na hesabu

Mwanamofolojia atataka kuunganisha viambishi na mashina. Usanifu huunganisha matini kwa mikwaju miwili iliyosimama, na kwa Oracle, PostgreSQL na SQLite, 'wa' || 'tu' hutoa watu. Katika SQL Server alama iliyozoeleka kwa miaka yote ni ya kujumlisha, 'wa' + 'tu'. MySQL, isipobadilishwa mipangilio yake, huichukulia || kuwa na maana ya "au" ya kimantiki. Hujaribu kuyageuza wa na tu kuwa nambari, huona kila moja ni sifuri, kisha hutangaza kuwa sifuri au sifuri ni sifuri. Anayeunda umbo la wingi la nomino mia tano kwa njia hii atapata sifuri mia tano. Njia salama katika MySQL ni CONCAT('wa', 'tu').

Urefu wa neno nao una vitimbi vyake. LENGTH katika MySQL huhesabu baiti, si herufi. Anayetaka herufi hutumia CHAR_LENGTH. Kwa maneno ya kawaida ya Kiswahili tofauti haionekani, na ndiyo maana hupuuzwa. Lakini ng’ombe aliyeandikwa kwa ritifaa iliyopinda, katika usimbaji wa UTF-8, ana herufi 7 na baiti 9. Anayeshughulikia tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu atapotoshwa zaidi, kwani kila herufi ya kawaida ya hati hiyo huchukua baiti mbili. Katika PostgreSQL, LENGTH huhesabu herufi. Anayelinganisha urefu wa mishororo ya tenzi kwa LENGTH, hati moja ikiwa ya Kiarabu na nyingine ya Kirumi, atakuwa amelinganisha visivyolinganishika.

Kisha kuna mgawanyo. Tuseme jedwali lina nomino 1500, na 412 kati yake zina asili ya Kiarabu. Mtafiti anataka uwiano, kwa hiyo anauliza SELECT 412 / 1500. MySQL itamwambia 0.2747. PostgreSQL, SQL Server na SQLite zitamwambia 0, kwa kuwa nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima, lahaja hizo hutoa nambari nzima na kuitupa sehemu iliyobaki. Oracle huitunza sehemu hiyo kama MySQL. Sifuri tupu huenda ikamshtua mtafiti. Lakini akigawanya jumla ya herufi kwa idadi ya maneno ili apate wastani wa urefu wa neno, na wastani huo ni 6.8, lahaja tatu zitampa 6, ambalo ni jibu linaloaminika kabisa, na litaingia katika jedwali la sura ya nne ya tasnifu bila ya kuulizwa na msimamizi wala mtahini. Dawa ni kumfanya mmoja wa wagawanyo awe na desimali, kama 412.0 / 1500, na tabia hiyo haidhuru popote.

Ya herufi kubwa na ndogo yatajwe kwa ufupi. WHERE neno LIKE 'm%' hutafuta maneno yanayoanza kwa m. PostgreSQL na Oracle huleta yenye m ndogo pekee; MySQL na SQLite, kwa kawaida yake, huleta pia Mungu na Mswahili; SQL Server hutegemea kanuni za upangaji zilizochaguliwa. Watafiti wawili wenye data moja watatangaza idadi mbili za nomino za ngeli ya A-WA, na kila mmoja atamshuku mwenzake kuwa hajui kuhesabu.

Kuvuka kutoka lahaja hadi lahaja

Ipo hatua moja inayoondoa tatizo la ritifaa kwa ukamilifu. Mwenye kuandika programu asiliunganishe neno la mtumiaji na sentensi yake ya SQL. Aache pengo ndani ya sentensi, kisha alikabidhi neno kando, na mfumo wenyewe utalipachika mahali pake likiwa data tupu, pasipo kulisoma kama sarufi. Kwa njia hii ng'ombe hupita salama; na mdukuzi anayebandika amri ndani ya kisanduku cha kutafutia, akitumia ritifaa kuufunga mtajo mapema, hukuta amri yake ikitafutwa kama kidahizo cha kamusi. Hata alama ya pengo hilo ina lahaja zake, ikiwa ? kwa MySQL na SQLite, $1 kwa PostgreSQL, :neno kwa Oracle na @neno kwa SQL Server.

Kwa yaliyosalia, anayehamisha data kutoka mfumo mmoja hadi mwingine na aandae nomino chache anazozijua vizuri, zikiwemo ng'ombe, uzuri, wingi na Mungu, aulize maswali yale yale katika mifumo yote miwili, na alinganishe majibu kabla ya kuhamisha lolote. Katika MySQL anaweza pia kuwasha mipangilio ya ANSI_QUOTES na PIPES_AS_CONCAT, ambayo huifanya mitajo maradufu na mikwaju iliyosimama izungumze kama usanifu unavyotaka. Na aiwashe kabla ya kuandika ulizo la kwanza, kwa sababu maulizo yaliyoandikwa kwa mtindo wa zamani hayatabadilika yenyewe: "wingi" iliyokuwa neno itageuka kuwa safu siku hiyo hiyo.